Aleji si ugonjwa mmoja



Simama asubuhi mbele ya duka lolote la dawa pale Kariakoo, iwe Mtaa wa Msimbazi au Mtaa wa Uhuru, nawe hutamaliza robo saa kabla ya kumsikia mtu akisema, "Dada, naomba dawa ya aleji." Dada haulizi aleji ya nini. Anakata vidonge kumi vya Piriton, anavitia katika kibahasha, anapokea hela, na foleni inasogea. Mtu wa kwanza alikula kamba jana usiku, akaamka ana vipele mwili mzima. Wa pili ni fundi mwashi ambaye mikono yake imepasukapasuka kwa saruji. Wa tatu ni mama aliyemwacha nyumbani mtoto ambaye uso umemvimba tangu juzi. Wa nne ni kijana ambaye mambo yake nitayaeleza polepole, maana ndiye aliyenifanya nichague mada hii. Wote wanne wanaondoka na dawa moja, na kila mmoja anaamini kwamba amepata tiba.

Mimi nasema hivi: katika hao wanne, ni yule mla kamba tu ambaye vidonge vile vinaweza kumfaa. Huyo fundi vitamletea usingizi na basi. Mtoto anahitaji kupimwa mkojo siku hiyo hiyo. Na yule kijana, ndugu zangu, alikuwa akijidhuru kwa mkono wake mwenyewe kwa muda wa miaka mitatu.

Kijana huyo anauza mitumba Mtaa wa Kongo. Alikuwa na baka jeusi kwenye mdomo wa chini, la mviringo kama sarafu. Wenzake walisema ni gongo, wengine wakasema ni sigara, naye hanywi wala havuti. Kila baada ya miezi michache baka lile liliwasha, likawa jekundu, likatoa malengelenge, kisha likapona na kubaki jeusi kuliko mwanzo. Baka jingine kama hilo lilikuwa mahali ambapo adabu ya redio hainiruhusu kupataja. Mkewe alipoliona aliuliza swali ambalo mke yeyote angeuliza. Kijana aliapa, mke hakuamini. Alitibiwa kisonono mara tatu, ugonjwa ambao hakuwa nao. Mama mkwe akasema huyu amefanyiwa kitu, apelekwe kwa mganga. Hatimaye mke alifunga mizigo yake akarudi kwao Mbagala. Tutamwacha hapo kwanza.

Wasikilizaji wa umri wangu wanaikumbuka vizuri sungusungu ya miaka ya 1980 na 1990. Usiku kijana wa zamu anapuliza filimbi, watu wanatoka na virungu, na mwizi anayekamatwa sura yake haisahauliki tena mtaani. Ilisaidia sana. Lakini mnakumbuka pia kwamba zipo siku ambazo filimbi ilipulizwa kwa ajili ya mgeni wa watu aliyekuwa akitafuta nyumba ya shangazi yake. Alipigwa huyo, na katika purukushani hiyo mlango wa mwenye nyumba ulivunjwa na kibanda cha jirani kikang'olewa.

Kinga ya mwili ndivyo ilivyo. Ni sungusungu waliomo ndani ya damu na ngozi. Wanakariri sura ya kijidudu kilichowahi kuingia, ili kikirudi wakikabili upesi, na ndiyo sababu chanjo ya surua ya utotoni inamlinda mtu ukubwani. Basi aleji ni filimbi iliyopulizwa kwa mgeni asiye na kosa: kamba wa pilau, vumbi la kitanda, kidonge cha malaria. Mgeni huyo angepita zake bila madhara. Kinachomwumiza mgonjwa ni virungu vya walinzi wake mwenyewe.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya madaktari kulipa jina. Mtoto akila pweza akavimba macho, bibi alisema, "Pweza ni mzio wake," na tangu siku hiyo mtoto alikuwa akizia pweza, yaani kujizuia naye. Mzio ni neno la zamani, na lilitumika pia kwa miiko ya chakula ya koo. Neno aleji ni geni kwa kila mtu, hata kwa Wazungu. Lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna aliyeitwa Clemens von Pirquet. Mimi napenda kusema mzio, ila najua kwamba nikisema hivyo dukani naweza kuulizwa kama nina maana ya mziwaziwa.

Kuna hadithi moja ya kweli ambayo inaeleza ubaya wa jambo hili. Mwaka 1901 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya mtawala wa Monaco wakichunguza sumu ya viumbe vya baharini jamii ya konyeza, ambao huwachoma waogeleaji. Waliporudi nchi kavu waliendelea na majaribio kwa mbwa, wakitumaini kwamba mbwa aliyechomwa sumu kidogo angeizoea na kuwa sugu. Mbwa mmoja alichomwa, akapona, akacheza kama kawaida. Wiki tatu baadaye wakamchoma tena kiasi kidogo. Walitegemea hatadhurika. Badala yake alianza kuhema, akatapika, akaanguka, na kabla ya nusu saa kwisha alikuwa amekufa. Mara ya kwanza sungusungu walikariri sura. Mara ya pili walitoka na mapanga. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana mtu anayesema, "Mbona nilishaitumia dawa hii zamani na haikunifanya kitu?" anajidanganya. Ile ya zamani ndiyo iliyomwandaa.

Nina ushahidi wangu mwenyewe. Mwaka 1994 nilikuwa na homa na koo limevimba, nikaenda katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Sikuulizwa chochote. Nilichomwa sindano ya paja, nikavaa suruali, nikatoka hadi kwenye benchi. Viganja vikaanza kuwasha. Masikio yakawa ya moto. Kisha koo likabana kama mtu ameniwekea mkono, na mwanga ukaanza kupungua machoni ilhali ilikuwa saa tano asubuhi. Muuguzi mmoja mama mtu mzima aliniona, akapiga kelele, akaja na sindano ya pili. Hiyo ilikuwa adrenalini, nayo ndiyo iliyonirudisha. Aliniambia, "Mwanangu, usije ukachomwa tena dawa hii." Nikaitikia, nikashukuru, nikaenda nyumbani. Kwenye cheti changu hapakuandikwa neno, nami kwa ujinga sikuuliza dawa hii ni dawa gani.

Nilikaa miaka miwili hivyo, nikiwa na adui nisiyemjua jina. Mwaka 1996, nikiwa na jipu, nilikwenda kununua vidonge vya Ampiclox katika duka moja la Kariakoo. Mzee aliyekuwa kaunta aliniuliza kama dawa yoyote imewahi kunidhuru. Nilipomsimulia alirudisha pakiti kwenye rafu na kunituma nikaulize kwanza kwenye zahanati ile. Nilichomwa PPF, ambayo ni penisilini. Na Ampiclox ni penisilini. Amoxil ni penisilini. Augmentin nayo imo humo humo. Kristapeni ya wodini ni penisilini. Majina mengi, ukoo mmoja, na walinzi wa mwili hawasomi lebo, wanatambua sura.

Huu mzio wa dakika chache ndio wataalamu wanaouita aina ya kwanza. Waingereza wawili, Philip Gell na Robin Coombs, waliupanga mwaka 1963 katika mpango wa aina nne ambao bado unafundishwa, ingawa wataalamu wa siku hizi wanauongezea matawi. Katika aina hii mwili humwaga kemikali iitwayo histamini, na Piriton kazi yake ni kuizuia histamini. Kwa vipele vya kamba inafaa. Lakini koo likishabana na presha ikishashuka, Piriton ni kujaribu kuzima nyumba kwa kikombe cha maji. Hapo inatakiwa adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, ichomwe kwenye msuli wa paja, mara moja. Imo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu. Ukienda kuchomwa sindano popote, una haki ya kuuliza kwa upole, "Ndugu, adrenalini mnayo?" Ukiona wanatazamana, tafuta kwingine.

Pumu na mafua ya vumbi mara nyingi ni watoto wa aina hii ya kwanza, na kwa maisha yetu ya vyumba vilivyobanana, yenye mende na magodoro ya zamani, mada hiyo ni kubwa mno. Nitaipa siku yake.

Aina ya pili nitaipitia haraka. Hapo kingamwili hushika seli za mwili wenyewe na kuziharibu. Mfano ulio wazi ni mtu wa kundi O kuongezewa damu ya kundi A. Mwingine ni mama mwenye damu ya resasi hasi aliyebeba mtoto wa resasi chanya: mtoto wa kwanza hupona, wa pili ndiye hushambuliwa tumboni. Hili la mwisho si la kawaida sana kwetu, kwa kuwa Waafrika wengi ni chanya, lakini mama aliyeambiwa kliniki kwamba yeye ni hasi asilichukulie kama jambo la kupita. Ipo sindano ya kumkinga mtoto atakayefuata, nayo ina muda wake.

Aina ya tatu inamhusu yule mtoto mwenye uso uliovimba, naye nataka nikae naye kidogo. Katika nyumba zetu za katikati ya mji, chumba kimoja watu sita, upele ukiingia kwa mmoja umeingia kwa wote. Mtoto anajikuna, vidonda vinashika usaha, mama anampaka dawa, vinakauka. Mambo yamekwisha, tunadhani. Wiki kadhaa baadaye mtoto anaamka kope zimevimba, mkojo wake una rangi ya Coca-Cola. Bakteria wa vile vidonda alishashindwa. Lakini mabaki yake, yameshikamana na kingamwili mfano wa takataka zilizofungwa pamoja, yamezagaa katika damu hadi yamekwama kwenye vichujio vya figo. Mwili unajaribu kuyachoma na unaichoma figo. Uvimbe huo wa asubuhi ndio mama anauita aleji, na vidonge vya Piriton anavyopewa havigusi figo hata kidogo. Mtoto huyo apimwe mkojo na presha. Wengi wao hupona vizuri wakiangaliwa mapema. Wanaocheleweshwa wanaweza kupata presha ya kupanda hadi degedege.

Aina hii ya tatu ndiyo pia huwaletea homa, vipele na maumivu ya viungo baadhi ya watu waliochomwa dawa ya sumu ya nyoka, ambayo hutengenezwa kutokana na damu ya farasi. Mtu ameumwa na nyoka, amepona, amerudi shambani Kisarawe, na siku ya nane au ya kumi anaanza kuugua upya. Anasema nyoka yule ametumwa. La hasha, ni damu ya farasi inayokataliwa. Na kuna ugonjwa uitwao lupus, unaowapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, ambapo mchezo huu huu hautokani na mgeni yeyote bali mwili unajipulizia filimbi wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Mwanamke anatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena, na viungo vinaendelea kuuma. Ndugu mnaosikiliza, homa isiyokwisha yenye maumivu ya viungo na mabaka usoni isiishie dukani.

Sasa nafika aina ya nne, na hapa ndipo Kariakoo ina mengi ya kusema.

Aina hii haina haraka. Haitumii kingamwili za kwenye maji ya damu bali seli zenyewe, askari wa miguu, ambao huchukua siku moja, mbili au tatu kukusanyika. Kipimo cha kifua kikuu cha kuchomwa kwenye mkono, kile cha Mantoux, kinatumia tabia hiyo hiyo: unachomwa Jumatatu, unasomwa Jumatano au Alhamisi. Kwa kuwa inachelewa, mtu hamtambui mkosaji. Anatafuta kosa katika chakula cha leo, kumbe mkosaji ni wa juzi.

Fundi wetu wa saruji ni wa aina hii. Ndani ya saruji kuna chembe za kromiamu, na mkono unaoshika zege kila siku unaweza kuzikariri. Tangu nyumba za Kiswahili za Kariakoo zianze kupisha maghorofa, mafundi wamechanganya zege kwa mikono mitupu na miguu peku kizazi baada ya kizazi, nao huiita hali hiyo "kuliwa na saruji" na kuiona kuwa ni sehemu ya kazi. Glavu za mpira na buti zingemsaidia kuliko famasi nzima. Dada mwenye hereni za bei poa ambazo masikio yanatoa maji kila akizivaa ni wa aina hii pia. Kwake mkosaji ni nikeli.

Lakini linalonikera zaidi ni piko. Hina halisi, ile ya majani ya mhina, hutoa rangi nyekundu inayoelekea kahawia, na ni mara chache sana kumdhuru mtu. Piko nyeusi ti ambayo bibi harusi anachorwa mikono na miguu mara nyingi ni unga wa kupakia nywele uliokorogwa ukawa mzito. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kemikali hiyo inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele kwa kiwango maalumu, na hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Kwetu inauzwa kwenye meza za barabarani pamoja na kucha za bandia. Siku ya tatu ya fungate, ua lililochorwa kwenye kiganja linainuka kama lililochongwa, linatoa malengelenge, na kovu lake linaweza kubaki na umbo la ua lile lile. Na hapo hesabu haijafungwa. Mwili umekariri. Miaka kumi baadaye, mama huyo akiona mvi mbili tatu na kuamua kupaka kanta, uso na macho yanaweza kuvimba asiweze kuyafungua, naye hatakumbuka kabisa harusi yake.

Basi turudi kwa kijana wa Mtaa wa Kongo. Siku moja alinionyesha baka lake, kwa kuwa alinisikia redioni akadhani mimi ni daktari. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi ni msemaji tu, nenda kliniki ya ngozi." Akaenda. Daktari wa huko hakumuuliza habari za wanawake. Alimuuliza, "Kabla baka halijawasha, ulikunywa dawa gani?"

Kijana akakumbuka. Alikuwa na kifua chepesi, kila akikohoa ananunua Septrin. Akihisi malaria, Metakelfin. Mara moja alipewa Fansidar. Dawa tatu, mara tatu tofauti, na moyoni alikuwa amejiridhisha kwamba haiwezi kuwa dawa kwa kuwa si dawa moja. Lakini ndugu wasikilizaji, zote tatu zina salfa ndani yake. Walinzi wa mwili waliwahi kupigana na salfa mahali pale pa mdomo na mahali pale pengine, na baada ya vita baadhi yao hawakurudi kambini. Waliweka kituo papo hapo kwenye ngozi. Salfa ikiingia tumboni, kituo kile kile kinaamka kwa saa chache, ngozi ile ile inaungua. Hakuna uzinzi, hakuna mchawi.

Baka kama lile ni onyo dogo. Lipo kubwa. Wakati mwingine askari hawa hushambulia ngozi yote: siku kadhaa au wiki mbili tatu baada ya kuanza dawa, mdomo unajaa vidonda, macho yanakuwa mekundu, ngozi inatoa malengelenge na kubabuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Madaktari huita hali hiyo ugonjwa wa Stevens na Johnson, nayo inaua. Mwaka 1985 Marekani iliwaonya wasafiri wake wasimeze Fansidar kila wiki kama kinga kwa sababu ya vifo vya namna hiyo. Tanzania ilipoacha klorokwini mwaka 2001 na kuifanya dawa hii ya SP kuwa ya kwanza kwa malaria, hofu ilitanda mjini, hadi ilipokuja dawa mseto ya ALu, ambayo haina salfa, chini ya sera ya mwaka 2006.

Somo chungu kuliko hilo lilitoka kwenye kifua kikuu. Kwa miaka mingi Tanzania na Kenya zilitumia kidonge rahisi kiitwacho thiasetazoni. Ulipoingia UKIMWI, kidonge hicho kikageuka. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi, kama mmoja katika kila watano alipata madhara ya ngozi kutokana na thiasetazoni. Kwa wasio na virusi alikuwa kama mmoja katika mia. Baadhi walikufa kwa kubabuka ngozi. Shirika la Afya Duniani likashauri wagonjwa hao wasipewe dawa hiyo. Mtu atauliza, kinga iliyoharibika inawezaje kushambulia kwa nguvu zaidi? Sababu moja inayotajwa ni kwamba virusi vinaua kwanza makamanda, na askari waliobaki bila makamanda hawana wa kuwaambia basi. Nani asiyejua sungusungu isiyo na kiongozi ilivyokuwa?

Hapa naomba niseme neno la tahadhari upande wa pili, kwa sababu hofu nayo inaua. Siku hizi karibu kila nyumba ina mtu anayesema, "Mimi nina aleji ya salfa," na ukimuuliza anajuaje, atakwambia aliwahi kutapika. Kutapika si mzio. Wapo wanaoacha kula vitunguu na mayai kwa sababu waliambiwa vina salfa. Dawa za salfa na kiberiti kilichomo ndani ya kitunguu ni vitu viwili. Jina tu limefanana. Vilevile vidonge vya kuongeza damu vya ferasi salfeti havimo, wala sindano ya magneziamu salfeti anayochomwa mama mwenye kifafa cha mimba haimo. Mjomba au shemeji asisimame mlangoni mwa wodi ya wazazi kuikataa sindano hiyo kwa kusikia neno "salfeti". Inaokoa maisha. Na mjamzito anayepewa SP kliniki ili kumkinga yeye na mtoto na malaria aimeze, isipokuwa kama kweli aliwahi kubabuka, kuvimba au kutokwa na mabaka kwa dawa ya ukoo huo. Atakapoulizwa, aseme. Asipoulizwa, aseme vilevile.

Na wewe mwenye duka, najua foleni ni ndefu na kodi ya pango la Kariakoo haicheki na mtu. Lakini swali la yule mzee wa mwaka 1996 lilichukua muda mfupi kuliko kuhesabu chenji. Dawa ikimdhuru mtu, ipo pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inayopokea taarifa za namna hiyo, hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Madhara yasiyoripotiwa yanabaki kuwa maneno ya baraza.

Nimalizie na karatasi. Katika pochi yangu, nyuma ya kitambulisho, nina kipande cha karatasi nilichokifunika kwa plastiki. Kimeandikwa: Penisilini, sindano, 1994, koo lilibana, dakika kumi. Jina la dawa yenyewe wala si la kiwanda, namna ilivyoingia, mwaka, kilichotokea, na muda uliopita kabla ya kutokea. Huo muda msiusahau, maana kwa dakika, siku au wiki daktari anajua ni aina ipi kati ya zile nne, hata kama wewe umeletwa umezimia na huwezi kusema neno.

Yule kijana naye anayo karatasi yake. Daktari alimwandikia kwa Kiingereza, na mkewe, aliyerudi kutoka Mbagala mwezi mmoja baada ya kuelezwa maana yake, ameinakili kwa Kiswahili kwa herufi kubwa: SALFA. SEPTRIN. METAKELFIN. FANSIDAR. SP. Nakala ya pili anatembea nayo yeye mwenyewe kwenye mkoba wake. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu, "Mzee wangu, huyu akiugua, mimi ndiye ninayetumwa dukani."